Mkasi Ulioachwa Getini

Dirisha la wagonjwa wa dharura lilikuwa na kioo, na katikati ya kioo palikuwa na tundu la duara, ukubwa wa kisahani cha chai. Nyuma ya tundu hilo alikaa mwanamke mmoja kwa miaka kumi na tisa. Jina lake lilikuwa kwenye beji kifuani, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Kuanzia mganga mkuu hadi wauza maji wa nje ya geti, wote walimwita Mama Kadi.

Kazi yake ilikuwa kugawa rangi. Mgonjwa akifika alimsalimu, akamuuliza shida yake, akamtazama kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kisha akachomoa kadi moja katika kisanduku cha mbao. Nyekundu: huyu aingie sasa hivi, hata kama tabibu ana tonge mkononi. Njano: huyu angoje kidogo kwenye viti vya ndani. Kijani: huyu akakae benchi la nje, chini ya bati, ataitwa. Ukutani palibandikwa karatasi ya mwongozo yenye dalili ishirini na nne, kila moja na rangi yake: kifua kinachobana, damu isiyokatika, mfupa uliovunjika, mtoto anayetetemeka, mjamzito aliyepasuka chupa. Alizijua zote kama mtu anavyojua majina ya ndugu zake.

Tena alikuwa hodari. Watu walisema Mama Kadi ana mizani machoni. Aliweza kumtenga anayelia kwa maumivu na anayelia ili aruke foleni. Siku moja mzee mmoja aliletwa amebebwa na wanawe wawili, anaugulia na kuvuta mguu. Mama Kadi akachungulia kwenye tundu akasema, "Wewe baba, wiki jana ulikuwa mguu wa kulia." Foleni nzima iliangua kicheko, na mzee mwenyewe akacheka, akashuka mikononi mwa wanawe, akapokea kijani chake akaenda zake benchini kwa miguu yote miwili.

Alizaliwa katika nyumba ya fundi cherehani, na huko alifundwa mambo mawili. La kwanza, mkasi wa baba haushikwi. La pili, mtu mzima hamwagi shida zake mlangoni, kwanza salamu. Hata atokaye makaburini, ukimuuliza habari atakujibu "nzuri," ndipo ashushe pumzi aseme, "ila tumefiwa." Salamu ni kizingiti tu, alikuwa akisema mama yake, habari yenyewe iko ndani, ngoja ukaribishwe. Mama Kadi alilijua hilo tangu utotoni. Labda ndiyo maana alikuwa ameacha kulifikiria.

Jumamosi moja, kwenye saa tatu asubuhi, alifika dirishani kijana wa miaka thelathini na ushei. Shati lake la bluu lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama makali. Nywele zimechanwa, viatu vimefutwa.

"Habari za asubuhi, mwanangu?"

"Nzuri, mama. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Kazi yako?"

"Fundi makochi."

Akaandika, na mahali anapofanyia kazi pia. "Haya, unaumwa wapi?"

Kijana alifikiri. "Siumwi mahali."

"Umeumia?"

"Hapana."

"Homa? Kuharisha? Kifua?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

Akageuka kutazama nyuma. Palikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na baba aliyefunga mkono kwa kitambaa kilicholowa damu. Akainama kwenye tundu, akasema taratibu, "Sina amani, mama."

Mama Kadi alikwisha kuyasikia maneno hayo mara nyingi. Jicho lake likaenda ukutani, likapita dalili zote ishirini na nne, likarudi. "Daktari wa akili anakuja Jumanne," alisema, wala si kwa ukali. "Lakini chukua hii, ukakae nje. Tabibu akipata nafasi atakupima presha."

Kijana alipokea kadi ya kijani kwa mikono miwili. Akafungua mdomo. "Ila, mama..."

"Anayefuata!"

Baba wa mkono uliolowa damu alikuwa amekwisha kusogea.

Benchi la kijani lilikaa watu kumi, siku hiyo likakaa kumi na watano. Kijana aliinuka mara mbili kuwapisha wanawake, mwishowe akasimama kabisa, mgongo ukutani, kadi mfukoni mwa shati. Saa saba ilipogonga akarudi dirishani, akaipitisha kadi kwenye tundu.

"Asante, mama. Mpe mwenye shida zaidi."

"Umepona?" aliuliza Mama Kadi, nusu utani.

Kijana akatabasamu. "Siku njema." Akaondoka.

Mama Kadi akairudisha kadi kisandukuni, akahisi nafuu. Mtu mmoja kapungua. Nafuu hiyo ndogo, ya dakika kumi tu, baadaye ilimsumbua kuliko yote.

Baada ya dakika hizo kumi alikuja mlinzi wa geti, mtu mfupi mwenye kofia kubwa, ambaye watu walimwita Kamanda ingawa maishani mwake hakuwahi kushika hata manati. Mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

"Mama Kadi, andika kwenye daftari lako la vitu vilivyosahaulika. Mkasi mmoja."

"Wa nani?"

"Yule kijana wa shati la bluu. Asubuhi alipofika kaniambia, 'Mzee, nishikie huu, sitaki niwe nao.' Nikasema huyu ndiye raia mwema, wengine mpaka uwapekue! Sasa anatoka namwita, fundi, mkasi wako! Kanipungia mkono, kaenda."

Mama Kadi akafungua gazeti. Ulikuwa mkasi mzito, mweusi, wa kukatia vitambaa vigumu. Tundu la kidole gumba lilikuwa limezungushiwa utepe, na utepe umelika ukashika umbo la kidole cha mtu mmoja. Mkasi wa baba yake ulikuwa hivyohivyo. Mkasi wa fundi ni kama mswaki, hauazimwi. Fundi anaweza kumsahau mtoto wake dukani, lakini mkasi hausahau.

"Alisema hataki awe nao," akarudia polepole. "Alisema hivyo, Kamanda?"

"Maneno yake."

"Hakusema 'nihifadhie'?"

Kamanda akavua kofia. Hakujua ni kwa nini anaivua. "Hapana. Alisema hataki awe nao."

Ndipo Mama Kadi akaisikia ile "ila." Saa nne zilikuwa zimepita tangu aikatishe, na sasa ilimrudia sikioni nzima nzima, pamoja na pumzi iliyoibeba.

Akauandika mkasi kwenye daftari, akamrudishia Kamanda. "Uweke. Asiuguse mtu." Kisha akainuka. Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kuliacha dirisha wakati wa kazi, hata kwa haja. Akamwita mama mfagiaji aliyekuwa akipiga deki ukumbini.

"Kaa hapa. Anayevuja damu au asiyeweza kupumua, nyekundu. Wengine wote njano."

"Mimi? Mama Kadi, mimi ni wa fagio!"

"Leo umepanda cheo."

Karakana ya yule kijana ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, mwendo wa dakika kumi. Mama Kadi, mwenye magoti mabovu, alitumia saba. Mbele ya karakana alikaa mwanamke mwenye kalamu sikioni, anapima sponji kwa futi. Alikuwa dada yake fundi, mkubwa wake kwa miaka mingi, na ndiye aliyemlea.

"Karibu, mama. Unataka kochi au godoro?"

"Namtaka ndugu yako."

"Mdogo wangu? Huyo hapo ndani, ndiyo kwanza amerudi. Utamsifu! Wiki hii ana baraka za ajabu. Kazi za miezi mitatu kazimaliza kwa siku tano."

"Analala?"

"Alale saa ngapi? Nimemwambia, hata usingizi ni mteja, nao uhudumie. Hasikii."

Mama Kadi akaingia. Makochi yalikuwa yamepangwa kwa safu, yamefutwa vumbi, na kila moja limebandikwa karatasi kwa pini, mwandiko ulionyooka. *La Mwalimu, tayari. La bibi wa kona, mguu wa kushoto uangaliwe baada ya mwezi. La Mchungaji, tayari.* Mwisho wa safu palikuwa na kiti kimoja kidogo chenye kitambaa cha maua. *Cha dada.*

"Makubwa!" alisema dada nyuma yake, akicheka. "Kile kiti kaniahidi miaka sita. Alfajiri ya leo kakimaliza!"

Mama Kadi hakucheka. Akamshika mkono yule dada akaubana, na dada, alipomtazama usoni, kicheko kikamwishia mdomoni.

Fundi alikuwa pembeni kabisa, amekaa juu ya kochi lisilo na sponji wala kitambaa, mbao na springi tupu. Mama Kadi akaenda akakaa kando yake. Springi zikalia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Mama Kadi hakuuliza kifua, hakuuliza homa. Nje mtu alikuwa akijaza upepo gurudumu. Dada alisimama mlangoni na futi yake mkononi, hajui aingie au atoke. Ukapita muda ambao dirishani ungetosha wagonjwa watatu.

"Mkasi wako uko kwa Kamanda," alisema hatimaye. "Sikuja nao."

Mabega ya fundi yakashuka kidogo. "Afadhali."

"Asubuhi ulitaka kuniambia neno nikakukatiza. Nimekuja kulisikia. Unataka kufa, mwanangu?"

Mlangoni dada alitoa sauti, akajiziba mdomo.

"Sitaki kufa, mama," alisema fundi. "Nataka hiki kinyamaze." Akajigusa kichwa. "Kinasema usiku na mchana. Na kinasema kwa sauti yangu mwenyewe, ndiyo maana siwezi kubishana nacho. Nilikuja kwenu mnifungie mlango, mimi nikiwa ndani. Sikutaka kingine. Nikavaa shati safi nisionekane kichaa, mkanipeleka benchini. Ningekuja na matambara mngeniitia polisi. Niambie, mama. Ningevaa nini?"

Mama Kadi aliuweka mkono wake juu ya mkono wa kijana, wakakaa hivyo. Kisha akatoa simu.

Alimpigia kwanza dereva wa gari la wagonjwa, mtu waliyekunywa naye chai miaka nenda miaka rudi.

"Anavuja damu?" aliuliza dereva.

"Hapana."

"Kazimia?"

"Hapana. Ila maisha yake yako hatarini."

"Mama Kadi, unazijua sheria kuliko mimi. Mgonjwa wa akili simbebi bila askari. Piga polisi."

Akapiga polisi.

"Kampiga mtu?" iliuliza sauti.

"Hapana."

"Kavunja kitu?"

"Katengeneza makochi kumi na mawili."

"Sasa mama, hilo si kosa. Mpeleke hospitali."

Akaikata simu, akaitazama. Hospitali ilikuwa yeye. Tangu aanze kazi alikuwa amesimama mwisho wa duara hilo bila kujua kuwa ni duara.

"Tutatembea," alisema.

Wakatembea, fundi katikati, dada kulia, Mama Kadi kushoto, kama watu wanaomsindikiza bwana harusi. Hakuna aliyewatazama mara mbili. Getini Kamanda alisimama wima akapiga saluti, na fundi, bila kutaka, akaijibu.

Mama Kadi akapita moja kwa moja hadi dirishani, akaingiza mkono kwenye tundu upande wa wagonjwa, akachomoa kadi nyekundu.

Tabibu wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Alimtazama fundi, akaitazama kadi. Akampima presha, joto, mapigo. Kisha akamvuta Mama Kadi kando.

"Nyekundu, mama? Presha yake nzuri kuliko yangu. Anavuja wapi?"

"Mahali ambapo hatuna kipimo chake."

"Mwongozo..."

"Mwongozo niliubandika mimi mwenyewe, kwa gundi yangu. Nimeusoma miaka kumi na tisa. Hayumo."

"Sasa kama hayumo?"

"Kama hayumo humpeleka benchini. Nimewapeleka wengi, tabibu. Wewe unajua wangapi walirudi nyumbani salama? Mimi sijui. Tuna daftari la walioingia, tuna daftari la waliokufa hapa, tuna mpaka daftari la miavuli iliyosahaulika. La waliochoka kungoja wakaondoka, hatuna."

Tabibu akajipangusa uso kwa kiganja. "Nakuelewa. Lakini niambie nimweke wapi mpaka Jumanne. Chumba cha kufungwa sina. Muuguzi wa kumwangalia sina. Dawa ya kumpa usingizi ninayo. Mtu wa kukaa naye ndiye sina."

"Watu tunao," alisema dada, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote.

Chumba cha plasta, cha kufungia mifupa iliyovunjika, hakikuwa na kazi mwisho wa wiki. Mfagiaji, ambaye bado alikuwa na cheo chake, alisaidia kutoa kila kitu chenye ncha na kila chenye makali, mpaka zikabaki kuta, kitanda na kiti kimoja. Kwenye kiti hicho wakapeana zamu: dada mchana, Mama Kadi baada ya kazi, Kamanda kabla ya alfajiri. Tabibu alichungulia kila alipopita, hata pale ambapo njia yake haikupitia huko. Fundi akalala. Alilala Jumamosi na nusu ya Jumapili, na dada akawa anamwekea kiganja karibu na pua kila mara, kama afanyavyo mzazi mgeni.

Jumapili jioni Kamanda alikuja na kiti chake cha getini, kitambaa kimechanika, msumari umetokeza.

"Fundi, nitazamie mgonjwa wangu. Kiti hiki kinanila tangu mwaka juzi."

Fundi akapitisha mkono kwenye mbao, akabonyeza huku na kule. "Mzee, nani alikutengenezea?"

"Shemeji yangu."

"Mna ugomvi?"

Kamanda alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Fundi hakucheka, lakini pembe ya mdomo wake ilitikisika, na dada akatoka nje kulia mahali ambapo haonekani.

Si kwamba mambo yalikuwa mepesi. Usiku wa kuamkia Jumatatu fundi aliinuka akasema anakwenda nyumbani, amekuwa mzigo, na Mama Kadi alisimama mlangoni na magoti yake mabovu akasema, "Basi unipite." Walisimama hivyo muda mrefu. Mwishowe fundi ndiye aliyesema, "Kaa, mama, utaumia miguu."

Jumatatu Mama Kadi akaitwa na muuguzi mkuu. Barua ya onyo ilikuwa imekwisha kuchapwa.

"Uliacha dirisha. Nani alikaa?"

"Mfagiaji."

"Mfagiaji! Akafanyaje?"

"Alimpa kila mtu njano. Hakuna aliyekufa."

Muuguzi mkuu alimtazama kwa muda, kama mtu anayetaka kusema jambo ambalo cheo chake hakimruhusu. "Tia sahihi hapa," alisema. Mama Kadi akatia sahihi, akaikunja barua, akaiweka kwenye kisanduku cha kadi, nyuma ya zile za kijani.

Jumanne daktari wa akili alifika saa nne, mwanamke wa makamo mwenye mkoba uliotuna. Ukumbini walimngoja watu arobaini. Alikuwa peke yake, na kesho yake angekuwa katika hospitali nyingine, na keshokutwa nyingine. Fundi aliingia wa tatu. Shati la bluu lilikuwa limefuliwa, na dada kalipiga pasi. Mama Kadi alileta faili lake kwa mkono wake, akalichelewesha kusudi, akasimama mlangoni.

"Karibu," alisema daktari akiandika tarehe. "Habari yako?"

"Nzuri, daktari."

Kalamu ikashuka kwenye mstari uliofuata.

"Daktari," alisema Mama Kadi, "msubiri."

Daktari akainua kichwa. "Nisubiri nini?"

"Hajamaliza kuitikia salamu."

Daktari alimtazama mwanamke huyo wa mlangoni mwenye beji iliyofifia, kisha akamtazama kijana. Feni ilizunguka juu yao, ikikwaruza mahali palepale kila mzunguko. Fundi alikuwa ametazama mikono yake, gumba lake la kulia likisugua mahali pa mkasi.

"Ila," alisema.

Daktari akaifunika kalamu, akaiweka mezani.

Mama Kadi akauvuta mlango nyuma yake, akarudi dirishani. Foleni ilikuwa imefika nje. Wa kwanza alikuwa mwanamke mnene mwenye kitenge begani.

"Habari za leo, mama?"

"Nzuri."

Mama Kadi akangoja.

"Mbona unanikodolea macho? Umeniota?"

"Nakungoja umalize."

"Nimalize nini tena? Kikohozi! Kohoo, kohoo! Nikuimbie?"

Nyuma watu wakacheka. "Basi ni kikohozi," alisema Mama Kadi, akampa kijani.

Karatasi ya ukutani ilibaki na dalili zake ishirini na nne. Ila daftari la vitu vilivyosahaulika lilikuwa wazi mbele yake, na kwenye mstari wa mkasi, upande wa kulia, pale panapoandikwa jina la aliyekuja kuchukua, palikuwa peupe. Kila asubuhi alipofika alimuuliza Kamanda kama mkasi bado upo, na Kamanda alijibu upo. Wiki zikapita, mwezi ukapita, na dada akileta habari: leo amekula, leo amegombana nami, leo hakuinuka kitandani, leo kashika futi. Mama Kadi alisikiliza yote mpaka mwisho. Nafasi ile nyeupe aliiacha hivyo. Hakuwa na haraka nayo. Mwenyewe yupo, atakuja.